Nzuri, Ila Umepunguzwa

Mtandao ulikuwa unafika Kyela kwa basi, kila Ijumaa jioni, ndani ya boksi la maziwa ya kopo lililofungwa kwa kamba ya katani. Kondakta aliushusha stendi, mwendesha baiskeli akaufuata, na Jumamosi asubuhi ukawa tayari kwa masomo. Juu ya bati la duka la Khamisi kulikuwa na dishi kubwa jeupe ambalo Chuo, kile cha shahada za masomo ya mbali, kililifunga ili mihadhara ije kwa njia ya anga, lakini Kyela mvua haina msimu wa kupumzika, na dishi lile halikupenda mvua. Kunguru ndio waliolipenda. Basi Chuo kikarekodi mihadhara kwenye diski na kuituma kwa barabara, na katika taarifa zake kikaendelea kuandika kwamba Kyela imeunganishwa.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Kila kitu cha umma kilikuwa kinauzwa, kinakodishwa au kinapunguzwa, na neno "mtandao" lilikuwa jipya kiasi kwamba aliyeuliza maana yake alionekana mshamba. Kituo chenyewe kilikuwa chumba cha nyuma cha duka, ambako zamani Khamisi aliweka saruji. Kulikuwa na kompyuta moja yenye mgongo mnene, spika, jenereta nje ya dirisha na viti vya plastiki vya bluu. Ukutani palibandikwa bango la Chuo: MHADHIRI MMOJA, VITUO VYOTE. Vumbi la saruji halikuwahi kuisha mle ndani. Wanafunzi walirudi makwao na nyusi za kijivu.

Wanafunzi wote walikuwa walimu. Catheline alitoka Ipyana, ambako alifundisha Kiswahili na Historia kwa stashahada yake. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asiye na shahada hatafundisha tena kidato cha tatu na cha nne. Atashushwa kidato cha kwanza, halafu itaangaliwa. Kidato cha tatu cha mwaka ule Catheline alikuwa nacho tangu watoto wakiwa hawajui kuandika insha, na sasa walikuwa wanaandika insha ambazo yeye mwenyewe alizionea wivu. Hakuwa tayari kumwachia mtu. Shahada aliitaka kwa sababu hiyo, na hakuwa na nyingine.

Jumamosi ya kwanza Khamisi alitia diski, akabonyeza, na Dokta Zubery akaingia kwenye kioo kupitia mlango uliokuwa nyuma ya meza yake. Alikuwa mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye suti ya kahawia na tai ya mistari. Walimu wakasimama wote kwa pamoja, kama wanavyosimama wanafunzi wao.

"Shikamoo, mwalimu."

Dokta Zubery akafungua faili, akaanza kwa Kiingereza, sura ya kwanza.

Hakuna aliyekaa. Mwalimu akiingia darasani unasimama, unamwamkia, anaitikia, anasema kaeni, ndipo unakaa. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na hivyo ndivyo walivyofundisha. Kukaa kabla ya kukalishwa lilikuwa kosa ambalo kila mmoja wao alikuwa amewahi kumchapia mtoto wa mtu. Basi walisimama mhadhara mzima, daftari mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na viti vya bluu vikabaki vitupu nyuma yao.

Khamisi alikuja kutia mafuta kwenye jenereta, akachungulia dirishani.

"Jamani, hivyo viti nimevifuata Mbeya. Au vina kunguni?"

"Hajatukalisha," alisema Hezroni. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ipinda, mtu wa maneno, na miguu yake ilikuwa ya siku nyingi kuliko ya wenzake.

"Nani hajawakalisha?"

"Mwalimu."

Khamisi alimtazama Dokta Zubery, akaona ni kweli hajawakalisha, akarudi dukani.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Restituta, mwalimu wa Kiingereza aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, alivua viatu katikati ya mhadhara.

"Huyo ni picha tu, jamani," alisema. "Picha haiitikii."

"Mhaya amechoka kusimama," alisema Hezroni. "Hicho Kiingereza chako si kikubebe?"

"Wewe mzee, kama unataka kusimama, simama. Unanisimamisha mimi kwa nini?"

"Mimi sikukusimamisha. Kaa."

Restituta aliangalia kiti. Hakukaa. Akamgeukia Catheline, ambaye alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Dada, sema kitu."

"Mimi sikai," Catheline alijibu. "Nikikaa leo, Jumatatu nitawaambia nini watoto? Sisi tumemwamkia. Asipoitikia, aibu ni yake."

Jumamosi ya tatu mvua ilipiga bati kiasi cha kuzima spika. Walimu walisimama, wakaamkia kwa sauti kubwa zaidi. Dokta Zubery alikuwa ameshaanza kusema kitu kuhusu malengo ya somo alipokatiza sentensi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. Akawatazama mmoja mmoja, kuanzia mlangoni.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, walimu. Mniwie radhi, huku niliko kuna makelele ya mashine. Kaeni, kaeni."

Wakakaa.

"Ndaga fijo," alisema Hezroni, ambaye anaposhukuru kutoka moyoni hushukuru kwa Kinyakyusa. Dokta Zubery akaitikia kwa kichwa.

Baada ya kuitikia kwa Kiswahili hakuona sababu ya kurudi kwenye Kiingereza. Alifunga faili na kufundisha. Wiki zilizotangulia walimu walikuwa wananakili sentensi zake kama mtu anavyonakili namba za gari lililomgonga: kwa usahihi, bila kuelewa. Sasa walibishana naye. Catheline alimwuliza kwa nini mtoto anayejua kueleza jinsi kakao inavyochachushwa na kuanikwa anaambiwa hajui sayansi, na Dokta Zubery alikaa kwenye ukingo wa meza yake akamjibu mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Alipozimika alikuwa ameinua kidole, na jenereta ilipowaka tena kidole kilikuwa bado juu na jibu likaendelea.

Kwa kuwa alikuwa ameshaitikia, alihesabika kuwa mgeni wa Kyela, na mambo ya Kyela yakaanza kumpata. Mbu walimuuma shingoni. Ukuta uliokuwa nyuma yake ukaota ukungu wa kijani. Shamsa, mke wa Khamisi, alisema nyumba yao tangu babu zao walipotoka Kilwa haijawahi kumwacha mgeni na kinywa kikavu, akawa anaweka kikombe cha kahawa na kashata pembeni ya kompyuta. Mwisho wa kipindi kikombe kilikuwa kitupu na tai ya Dokta Zubery ilikuwa na chembe za karanga. Maji yalipopanda mwezi wa nne na watu wakawa wanavuka mitaa kwa kukunja nguo, yeye naye alikunja suruali na kufundisha akiwa amesimama ndani ya maji, bila kulalamika.

"Poleni na mafuriko," aliwaambia.

"Tumeshapoa, mwalimu. Pole na wewe."

Kila Jumamosi, kabla ya somo, aliuliza habari. Habari za huku? Nzuri. Habari za shuleni? Nzuri. Habari za chuoni? Hapo sauti yake ilishuka kidogo. Alikuwa anauliza kama mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa muda, akaacha mlango umerudishwa tu. Alisema wakati wanamrekodi aliambiwa ni kwa ajili ya kuwasaidia walio mbali, na kwamba mwezi wa kumi atarudi darasani kwake kama kawaida. Walimu walijibu nzuri. Hawakuwa na habari nyingine.

Habari nyingine aliileta Bryson, mratibu wa vituo, kijana aliyetoka ofisi ya Mbeya akiwa na simu kiunoni na viatu vyeupe. Alikuja siku ya kazi, kukagua kama viti bado vipo. Catheline alikuwa dukani kwa Khamisi akinunua misumari.

"Kituo chenu kinasifiwa sana," Bryson alimwambia. "Mahudhurio mazuri. Vituo vingine watu wanatia diski halafu wanakwenda sokoni."

"Tunaye mwalimu mzuri. Dokta Zubery hajambo?"

"Yupi? Wa kwenye diski?"

"Kwani wapo wangapi?"

"Yule alishapunguzwa kazini. Idara nzima. Sasa ukishakuwa na diski, dada yangu, mtu wa nini? Mtu anataka nyumba, anataka likizo, anaumwa. Diski haiumwi."

"Yuko wapi?"

"Nasikia yuko kwao, anafuga kuku." Bryson aliangalia viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena. "Hivi hapa hakuna lami kabisa?"

Catheline alirudi Ipyana na misumari yake. Wiki ile yote darasani alifundisha vizuri na nyumbani hakula vizuri.

Kyela, kama kwingine, habari huwa nzuri kwanza. Mtu aliyefiwa asubuhi, akiulizwa habari mchana, atasema nzuri, halafu atasema ila. Msiba unakaa baada ya ila. Ndivyo watu wanavyoambizana mambo mazito bila kurushiana usoni. Lakini kuishia kwenye nzuri ilhali ila unayo mdomoni, huo ni uongo, na ni uongo mbaya kwa sababu aliyekuuliza hana namna ya kuugundua. Catheline alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na alijua pia kwamba mtihani uko mwezi wa sita.

Aliwaambia wenzake Jumamosi asubuhi, kabla ya diski kutiwa.

"Tusimwambie," alisema Restituta mara moja. "Mpaka mtihani upite. Halafu tumwambie wote, tumpe pole, tumwimbie hata wimbo."

"Akiuliza?"

"Tuseme nzuri. Kwani mpaka sasa tumekuwa tunasema nini?"

"Mpaka sasa tulikuwa hatujui," alisema Catheline.

"Catheline, sikiliza. Una darasa lako unaloling'ang'ania. Mimi nina watoto ninaowasomesha. Yule bwana yuko Kondoa na kuku wake, ameshajua tangu zamani. Huyu wa humu anajua au hajui, inamsaidia nini?"

Hezroni alikuna kidevu. "Hapo Mhaya amesema neno. Huyu wa humu hana hata pa kufugia kuku."

"Nitamjibu atakachoniuliza," alisema Catheline. "Asipouliza, basi."

Dokta Zubery aliuliza. Habari za huku? Nzuri. Habari za shuleni? Nzuri. Habari za chuoni?

Catheline alisimama. "Nzuri," alisema. "Nzuri, ila umepunguzwa."

Dokta Zubery alivuta kiti kilichokuwa nyuma ya meza yake na kukaa. Tangu waanze kumjua hawakuwahi kumwona amekaa kitini.

"Peke yangu?"

"Idara nzima, mwalimu."

"Na mimi niko wapi sasa?"

"Kondoa. Tumeambiwa unafuga kuku."

"Wa kienyeji au wa kisasa?"

Walimu walitazamana. "Hatukuuliza," alisema Catheline.

"Watakuwa wa kisasa. Najijua." Alitikisa kichwa. "Watakufa hao. Kondoa kuku wa kisasa hawachelewi kufa."

"Pole, mwalimu," walisema wote, Restituta akiwamo.

"Nimeshapoa. Asanteni kwa kuniambia." Alifungua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Leo hatusomi. Na hiki Chuo sikifundishii tena mpaka waje waniambie wenyewe." Kisha alikigeuza kiti, akakaa akiwa amewapa mgongo, akitazama mlango alioingilia. Ulikuwa umefungwa.

Mhadhiri alikuwa mmoja na vituo vilikuwa vyote. Jumamosi iliyofuata, kwenye kila kituo cha Chuo kile nchini, waliotia diski waliona mgongo wa suti ya kahawia yenye ukungu begani. Vituo ambako watu walikuwa wanatia diski na kwenda sokoni havikuona tofauti. Lakini kwingine wanafunzi walilalamika, na Chuo kikafuatilia, na haikuwa kazi ngumu kujua jambo limeanzia wapi, kwa sababu mgongo ule ulikuwa unaumwa na mbu.

Chuo hakikushangaa. Kilikaa kikao. Kilitoa taarifa kwamba wanafunzi wa Kyela wamevuruga nyenzo ya kufundishia, kikamtuma Bryson na kamera.

Alifika Jumamosi, safari hii na buti. Aliingia chumba cha nyuma bila kubisha, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akawasha kompyuta kuhakikisha. Dokta Zubery alikuwa pale pale, mgongo.

"Dokta," alisema Bryson. "Dokta, mimi ni mratibu. Naomba ugeuke tuongee."

Mgongo haukusogea.

"Hujamsalimia," alisema Hezroni.

"Simsalimii picha, mzee."

"Basi na yeye hageuki."

Bryson aliomba kanga kwa Shamsa, akaifunika kompyuta. Halafu aliwasomea walimu kosa lao. Walikuwa wamekiuka kifungu kinachokataza kumpa mhadhiri aliyerekodiwa habari zisizokuwamo kwenye kozi.

"Kifungu hicho kipo?" Hezroni aliuliza.

"Kipo. Kimepitishwa Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Mzee, usinichoshe. Chuo hakina nia mbaya na mtu. Kila mmoja atakaa hapa mbele, ataomba radhi, dakika moja tu, tunarekodi. Tutamwonyesha Dokta, atageuka, atamaliza kozi, mtafanya mtihani. Asiyeomba radhi hafanyi mtihani. Ni hivyo tu."

"Tuombe radhi tukisema nini?" Catheline aliuliza.

Bryson alisema maneno yameshaandaliwa. Yalikuwa haya: Mwalimu, naomba radhi, tulikudanganya, hujapunguzwa, Chuo kinakuhitaji, tafadhali endelea.

"Amerudishwa kazini?"

"Nani?"

"Dokta Zubery. Wa Kondoa."

"Catheline, usichanganye mambo. Huyo wa Kondoa si mwanafunzi wala si mfanyakazi, hayumo kwenye hili. Na mkae mkijua, hata akikataa kugeuka, tumesharekodi mwingine. Dada mmoja mzuri sana, anafundisha hasa."

"Na huyo dada yuko chuoni?"

"Tumeshamshukuru," alisema Bryson. Wote walielewa maana ya neno hilo.

Restituta alikwenda wa kwanza. Alijifuta vumbi la saruji usoni, akakaa, taa nyekundu ya kamera ikawaka, akaomba radhi kwa Kiingereza kizuri sana. Alipomaliza alirudi kitini akakaa mikono mapajani. Lakini ndani ya kikioo kidogo cha ubavuni mwa kamera Restituta mwingine, mdogo kama kidole, alikuwa bado anaomba radhi. Mdomo wake haukufungwa. Alifika mwisho wa maneno akaanza upya, kwa adabu ile ile, na sauti yake nyembamba ilisikika kama redio ya jirani.

"Anasema mpaka lini?" Restituta aliuliza.

"Ndiyo kazi yake," alisema Bryson.

Restituta alijitazama kidogo, kisha akatazama dirishani.

Hezroni alifuata. Alisema anaomba radhi kwa niaba ya masikio yake, ambayo yalisikia jambo lisilowahusu. Bryson akamrudisha. Akasema anaomba radhi, walimdanganya mwalimu, na mwalimu naye aangalie asije akadanganywa tena. Akarudishwa. Mara ya tatu akasema maneno yote kama yalivyo, taratibu, akikodolea macho buti za Bryson, na alipoinuka alikuwa mtu asiye na utani. "Nakaribia kustaafu, mwanangu," alimwambia Catheline alipompita. "Nisamehe." Ndani ya kamera Hezroni mdogo alijiunga na Restituta mdogo, wakaomba radhi kwa pamoja, mmoja akitangulia na mwingine akifuatia. Kisha wakaja walimu wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti zikawa nyingi kwenye kile kikioo, kama vifaranga ndani ya boksi, na Khamisi akafunga mlango wa dukani ili wateja wasisikie.

Akabaki Catheline.

Mambo yaliyofuata baada ya siku hiyo yanajulikana Kyela. Dokta Zubery alionyeshwa waombaji radhi wote. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akiwa amewapa mgongo, kisha aliwashukuru kwa majina na hakugeuka. Diski za yule dada mpya zililetwa kwa basi lile lile, ndani ya boksi la sabuni, na mtihani ukafanyika. Restituta alifaulu vizuri. Kidato cha tatu cha Ipyana alipewa mwalimu mwingine, mwenye shahada, ambaye hakupenda insha. Idara haikurudishwa. Kondoa kuku walikufa. Shamsa alikataa kuitupa diski ya Dokta Zubery. Jumamosi jioni, duka likishafungwa, huitia kwenye kompyuta na kumwekea kahawa, na Catheline huja kutoka Ipyana kwa baiskeli kusoma naye masomo yasiyo na mtihani, kwa Kiswahili. Chuo kile bado kina bango lile lile.

Lakini hayo yote yalikuwa hayajatokea. Jumamosi ile Catheline alikuwa amekaa mbele ya kamera, na Bryson alikuwa ameinama nyuma ya kamera hiyo, jicho moja limefungwa.

"Unajua maneno?"

"Nayajua."

"Angalia hapa kwenye kioo. Usikunje uso. Kumbuka utakuwa humu muda mrefu."

"Ndicho ninachokikumbuka," alisema Catheline.

Taa nyekundu ikawaka. Kelele za vifaranga zikanyamaza, kwa sababu walimu wadogo ndani ya kamera nao walitaka kusikia. Nje mwendesha baiskeli alipiga kengele, akapita.

"Mwalimu Zubery," alisema Catheline. "Chuo kimekupunguza. Kimekupunguza baada ya kukuchukua sauti, sura na tai yako, na hakikuthubutu kukwambia. Mimi nilikwambia kwa sababu uliniuliza. Wenzangu wamesema walikudanganya. Hawakukudanganya. Wana watoto, usiwachukie. Sasa mratibu amesimama hapa anataka niombe radhi."

"Kata," alisema Bryson, lakini hakuna mwingine aliyekuwa anashika kamera, na mkono wake ulikuwa haujafika kwenye kitufe. "Mwalimu, huo ni mtihani wako unautupa. Ni darasa lako. Anza tena, sema taratibu kama tulivyoelewana."

"Hatukuelewana."

"Neno moja tu. Sema radhi, mengine nitayakata mwenyewe."

Catheline aliangalia kile kikioo cha ubavuni, ambamo yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuonekana, mdogo kama kidole, amekaa wima, nyusi za kijivu. Yule mdogo naye alimwangalia.

"Siombi radhi," walisema.